Meza ya kuzunguka: anza na kiti chake, meno yatafuata

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa injini za mitumbwi, nina kibanda cha kazi nyumbani kwetu Igoma, hapa Mwanza. Lezi ndogo, mashine ya kukereza, ninayo tangu zamani, na mwaka huu nimepata mashine ndogo ya milingi, ile ya kukata chuma kwa kisu kinachozunguka, ambayo meza yake ni mm 460 kwa 120. Wateja wananiletea flanji za shafti zenye matundu sita, na giya za mashine za juisi ya miwa zenye meno 17. Meza ya kuzunguka, ile inayogeuza kazi chini ya kisu kwa kipimo, ya dukani imenishinda bei, nataka kutengeneza ya kwangu. Kinachonitisha ni giya yake ya ndani. Nitakataje meno 90 yaliyo sawa wakati kifaa cha kugawanya duara ndicho hicho ninachotaka kukitengeneza?

*Jibu:* Marahaba, fundi. Nimekusoma mara mbili, na mara zote mbili nimeona unaogopa kitu ambacho kina dawa, huku kitu kisicho na dawa hujakitaja kabisa. Meno 90 nitakuonyesha namna ya kuyagawa kwa kipande cha plaiwudi na futi ya chuma ya fundi seremala. Lakini meza za nyumbani nilizoletewa hapa Nyakato nizikague, karibu zote hazikuharibiwa na meno. Ziliharibiwa na kiti, yaani pale meza inapokalia msingi wake na kuzungukia. Kiti kikicheza, hata ukivalisha giya ya kiwandani utakuwa umemvalisha kilema viatu vya mpira.

Kabla ya kiti, tuondoe flanji njiani. Kwa matundu sita huhitaji meza ya kuzunguka. Tuseme duara la matundu lina kipenyo cha mm 80. Tafuta kitovu cha flanji, rudisha vipimo vya magurudumu yako mawili kwenye sifuri, halafu toboa hivi: la kwanza mm 40 kulia, la pili mm 20 kulia na 34.64 mbele, la tatu mm 20 kushoto na 34.64 mbele, la nne mm 40 kushoto, la tano na la sita ni kama la tatu na la pili, ila unarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Fika kila nukta ukitokea upande uleule ili plei, yaani mchezo wa skrubu za mashine, isikudanganye. Kazi hiyo unaweza kuifanya leo jioni. Giya ya meno 17 ndiyo inayokupa haki ya kutaka meza.

Sasa kiti. Chukua meza yenye kipenyo cha mm 125, hiyo inakutosha na inaendana na mashine yako. Chini yake ina shingo ya mm 40 inayoingia kwenye tundu la msingi, tuseme kwa urefu wa mm 20. Fundi mgeni huhangaika na shingo hiyo: ikibana vizuri anafurahi, anadhani amemaliza. Piga hesabu. Ukiacha nafasi ya mm 0.03 tu kati ya shingo na tundu, na ukategemea shingo peke yake kuzuia meza isiyumbe, nafasi hiyo ndogo katika urefu wa mm 20 inakuwa karibu mm 0.1 kwenye ukingo wa meza. Kisu kikigonga ukingoni, meza inainama, kisu kinaruka, kazi inatoka na mawimbi kama ziwa la saa kumi alasiri.

Kwa hiyo uzito na mgongano visibebwe na shingo. Vibebwe na pete bapa iliyo pembeni kabisa: uso wa chini wa meza, kuanzia kipenyo cha mm 75 hadi 115, ukalie uso wa namna hiyohiyo juu ya msingi. Katikati chimba kidogo, nusu milimita inatosha, ili uso uguse pembeni tu. Kigoda cha miguu mipana hakianguki. Shingo inabaki na kazi moja, kuzuia meza isihame kushoto na kulia.

Pete hiyo na shingo vikerezwe kwa ufungaji mmoja. Hapa naomba unielewe vizuri, maana ndipo watu wanapopotea. Ukishafunga kipande kwenye chaki ya lezi, kile kishikio chake kinachozunguka, na kuanza kukereza shingo, usikitoe mpaka umemaliza na uso wa pete. Ukikitoa ukakirudisha, hata chaki iwe nzuri namna gani, shingo na uso havitakuwa tena na pembe mraba baina yao, na hakuna kusugua kutakakorudisha. Msingi nao vivyo hivyo, tundu la mm 40 na uso wa juu kwa kikao kimoja. Kama lezi yako haiwezi kubeba msingi kwenye chaki, ufunge kwenye sahani ya mbele ya lezi kwa bolti na vibanio, halafu usawazishe uzito kwa kipande cha chuma upande wa pili, na uendeshe polepole.

Ukimaliza, paka rangi nyembamba sana kwenye uso mmoja, kalisha, zungusha kidogo, inua, tazama palipogusa. Mafundi wakubwa wana bluu yao maalumu. Mimi kwa miaka mingi nimetumia rangi ya mdomo ya mama watoto, inafanya kazi ileile. Omba ruhusa kwanza. Palipogusa paparue kwa kikwaruzo kikali, kidogo kidogo, rudia mpaka madoa yaenee pete nzima. Usikubali ushauri wa kuweka dawa ya kusagia valvu kati ya nyuso hizo ukazungusha mpaka zikubaliane. Chembe za dawa huzama ndani ya chuma cha kusubu, kile cha kumiminwa kwenye kalibu, na kubaki humo, zikiendelea kusaga meza yako kila siku utakayoitumia.

Nimetaja chuma cha kusubu. Hicho ndicho kinachofaa kwa meza na msingi: kinafyonza mtetemo, na kinateleza juu ya chenzake bila kung'ang'aniana. Usikitafute dukani. Nenda kwa wauza skrepa ukaulize puli kuukuu za mashine za kusaga nafaka. Puli kubwa ya mashine ya kusaga ina kitovu kinene kinachotosha meza ya mm 125. Kila kijiji cha Usukuma kina kinu kilichokufa, na puli zake huishia hapa mjini. Diski za breki za magari madogo zinavutia kwa kuwa tayari ni duara, lakini ni nyembamba, ukishazisafisha hakibaki kitu. Chuma cha kusubu kikerezwe kikavu, bila oili. Vumbi lake jeusi husaga reli za lezi, kwa hiyo zifunike kwa gazeti na ufute kila jioni.

Msingi unaweza kuujenga kwa bamba za chuma cha kawaida kama hukupata kipande cha kusubu. Zifunge kwa bolti na pini. Usichomelee. Niliwahi kuchomelea msingi mzuri, nikaukereza siku hiyohiyo ukawa umenyooka kama kioo. Baada ya wiki tatu ukawa unayumba kama kiti cha baa. Joto la kuchomelea huacha mvutano ndani ya chuma, na mvutano huo unaachia polepole baada ya wewe kumaliza kazi. Ukilazimika kuchomelea, choma kwanza, pasha kitu kizima kwenye moto wa mkaa mpaka kiwe chekundu hafifu, kiache kipoe humohumo kwenye majivu usiku kucha, ndipo ukereze.

Kwa giya unahitaji bronzi, au chuma cha kusubu hichohicho ukikosa. Wewe upo karibu na maji, una bahati: ulizia kule Kirumba Mwaloni au kwa mafundi wa boti bushi zilizokwisha za shafti ya propela, na propela zilizovunjika za injini za ndani. Propela za injini za kuning'iniza nyuma ya mtumbwi nyingi ni za aluminiamu, usije ukabeba hizo ukidhani umeokota. Na mtu akikuletea mita ya maji ya shaba, mwambie aondoke nayo. Unajua imetoka wapi.

Haya, meno. Uwiano wa 90 kwa 1 nakuunga mkono, kwa sababu mzunguko mmoja wa mkono wa kuzungushia unakuwa nyuzi 4 kamili kati ya 360 za duara na hesabu inakaa kichwani. Giya inasukumwa na skrubu, ile tunayoiita womu. Njia rahisi ni kutumia tapu ya kawaida, ile ya kukatia uzi ndani ya tundu la nati, kama kisu cha kukatia meno, kisha ukatengeneza womu yenye uzi uleule. Nakupendekezea M16, yaani uzi wa kipenyo cha mm 16, ambao kutoka jino hadi jino ni mm 2. Meno 90 mara mm 2 ni mm 180 za mzingo, ambazo ukizigawa kwa 3.1416 unapata kipenyo cha mm 57.3 pale katikati ya meno. Uzi wa M16 una kipenyo cha katikati cha mm 14.7. Jumlisha, gawa kwa mbili: umbali kati ya kitovu cha giya na kitovu cha womu ni mm 36.0. Andika namba hiyo ukutani, utaihitaji.

Watu hudhani ukibonyeza tapu inayozunguka kwenye duara la bronzi lililo huru, tapu yenyewe italivuta duara na kukata meno. Ni kweli italivuta. Swali ni itakata meno mangapi. Duara lako lina kipenyo cha nje cha mm 58.5, kwa sababu meno yana kimo. Ncha za tapu zinagusa kwanza kipenyo hicho cha nje, si kile cha mm 57.3. Mzingo wa nje ni kama mm 183.8, na ukigawa kwa 2 unapata karibu 92. Mimi nilipata 92 kamili, mazuri, yanang'aa, yasiyo na faida. Nilitumia giya ile mwaka mzima kwa ukaidi, mzunguko mmoja ukiwa nyuzi 3.913. Ilikuwa nzuri sana kwa kazi za meno 23 na 46, na sikuwahi kupata kazi ya meno 23 wala 46.

Dawa yake ni kukata mikwaruzo 90 kwanza, mifupi tu, ya kina cha mm 0.8 hivi, ili kila jino la tapu likute mlango wake tayari. Na hapa ndipo swali lako la kugawa linapojibiwa. Chukua plaiwudi ya mm 18, kata duara la kipenyo kinachozidi kidogo mm 287. Lifunge kwenye shafti moja na duara lako la bronzi, shafti hiyo iwe kwenye beringi mbili. Sasa zungusha plaiwudi juu ya shafti hiyohiyo huku ukiisugua kwa msasa ulioshikwa kwenye kigingi kisichosogea. Usilikate duara mahali pengine ukaja kulifunga. Kitovu kikihama nusu milimita umeingiza kosa la nyuzi 0.2 bila kujua. Chopoa utepe kutoka kwenye futi ya chuma kuukuu, uzungushie plaiwudi. Endelea kupunguza plaiwudi, pima tena, punguza, mpaka alama ya sm 90 iangukie hasa kwenye alama ya sifuri. Bandika kwa gundi. Unayo sasa sentimita 90 kamili kuzunguka duara, na kila sentimita moja ni jino moja.

Tengeneza mshale kwa sindano ya kushonea, usomee kwa kioo cha kukuzia, na uwe na kibanio cha kushika plaiwudi kila unapokata. Ukikosea kusoma kwa mm 0.2, kosa hilo likifika kwenye jino linakuwa mm 0.04, kwa sababu jino liko karibu na kitovu mara tano kuliko utepe. Hiyo ndiyo siri yote ya plaiwudi kubwa. Seremala anakupa usahihi ambao mtu wa vyuma angeulipia pesa nyingi.

Mikwaruzo hiyo haikatwi wima, inainama nyuzi 2.5, sawa na mwinamo wa uzi wa M16. Upande gani? Usipige hesabu, utajichanganya. Shika bolti ya M16 mkononi, ilaze kwenye duara lako kama womu itakavyolala, utazame nyuzi zinaelekea wapi.

Kisha rudisha duara kwenye shafti huru, safari hii bila plaiwudi, na ukate kwa tapu. Fanya kazi hii kwenye lezi, si kwenye milingi: tapu kwenye chaki, mwisho wake umeshikwa na senta ya nyuma, na shafti ya giya imesimama wima juu ya kibebea kisu. Lezi ina mgongo, milingi yako ndogo itatetemeka. Tapu za mkono huja tatu kwenye seti. Tumia ya tatu, ile yenye nyuzi kamili tangu mwanzo. Mwendo wa polepole kabisa, oili kwa bronzi, kavu kwa kusubu. Sogeza kidogo, acha giya izunguke mara kadhaa, sogeza tena, mpaka kina cha mm 1.2. Tapu inagusa meno kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo inayapunguza yaliyonenepa na kuyaacha yaliyokonda. Makosa madogo ya plaiwudi yanalainika yenyewe.

Womu ikerezwe kwenye lezi kati ya senta mbili, kutoka kwenye chuma cha shafti. Usikate bolti ya dukani ukaifanya womu. Uzi wake na kiwiliwili chake mara nyingi havina kitovu kimoja, na kila mzunguko meza itakuwa inaenda haraka kidogo kisha polepole kidogo.

Sasa plei. Hapa naomba tukae kidogo, maana nimeona giya nzuri zikitupwa kwa kosa ambalo si lao. Ukishika meza ukaitikisa ikacheza, mkono unakimbilia kulaumu meno. Shika womu kwanza, ivute mbele na nyuma kwa urefu wake. Mm 2 za womu ni nyuzi 4 za meza. Kwa hiyo womu ikiteleza mm 0.1 tu kwa urefu, meza inacheza nyuzi 0.2, ambazo ukingoni ni zaidi ya mm 0.2. Womu inahitaji mabega mawili yaliyobana, moja kila upande. Mimi ninaweka beringi ya kusukuma namba 51101, yenye tundu la mm 12, pande zote mbili, na nati ya kurekebisha yenye skrubu ya kuifunga. Maduka ya beringi mjini wanayo, si ghali. Nafasi ikiwa finyu weka washa za bronzi, nazo zinafaa.

Ukishaua plei ya urefu, ndipo ushughulike na ya meno. Usimwamini mtu atakayekuambia utoboe msingi kwa mm 36.0 kamili. Iweke womu ndani ya bushi iliyotobolewa nje ya kitovu kwa mm 2. Ukizungusha bushi, womu inasogelea giya au inaikimbia, unaifunga pale inapozunguka laini bila kucheza. Ukiizungusha zaidi, womu inaachia kabisa, na meza unaizungusha kwa mkono. Utaipenda siku unapotafuta kitovu cha kazi. Tundu la bushi ulipange ili sehemu yake nene iwe juu au chini womu ikiwa kwenye meno. Hapo mzunguko mdogo wa bushi unaisogeza womu moja kwa moja kuelekea kwenye giya.

Giya yenyewe, ukiifunga chini ya shingo kwa bolti tatu, ndiyo itakayozuia meza isinyanyuke. Kati yake na msingi weka washa nyembamba, uipunguze kwa msasa mpaka meza izunguke kwa kidole lakini isinyanyuke. Kimo chote kitafika kama mm 66. Ukiongeza chaki juu yake, pima kwanza kama kisu chako kitapata nafasi.

Jambo moja dogo linaloaibisha watu wazima: mkono wa womu. Womu inakaa chini, kama mm 17 tu juu ya meza ya mashine. Ukiweka mkono wenye nusu kipenyo cha mm 40, utagonga meza ya mashine kabla ya kumaliza robo mzunguko. Shafti ya womu itokeze mbele, ipite ukingo wa meza ya mashine kwa mm 15 au zaidi, mkono uning'inie hewani. Gurudumu la vipimo ligawe mistari 80, kila mstari ni nyuzi 0.05. Kuligawa tumia plaiwudi ileile na utepe mwingine.

Juu ya meza watu wanapenda mifereji ya T. Mimi siipendi kwenye meza ndogo. Inakula nusu ya unene, inadhoofisha pale unapohitaji nguvu, na inataka kisu maalumu. Toboa matundu ya M8 kwenye mistari sita, kila mstari matundu matatu, kina mm 14, yasitokeze chini kwenye pete ya kiti. Yasiyotumika yazibe kwa skrubu fupi zisizo na kichwa ili unyuzi wa chuma usiingie. Katikati weka tundu lililonyooka la mm 20, wala usihangaike na tundu la koni. Tundu lililonyooka unalitengenezea pini zake mwenyewe.

Kufuli ziwe mbili, zibane ukingo wa meza kwenda chini. Skrubu moja inayosukuma shingo kutoka pembeni itaihamisha meza kila unapoifunga, na hutajua kwa nini matundu yako yanatoka yai.

Ukishaunganisha kila kitu, ifunge kwenye mashine ya milingi, weka kisu kidogo kwenye spindeli, na upunguze uso wa juu kwa kuzungusha mkono wa womu. Meza ijikereze yenyewe juu ya kiti chake. Kisha funga spindeli isizunguke, weka kisu cha kupanulia tundu, na umalizie tundu la katikati kwa kuzungusha meza, siyo kisu. Hapo uso wa juu, tundu na mhimili wa kuzunguka vinakuwa kitu kimoja, na makosa yote madogo ya lezi yako hayana tena sauti.

Kupima. Vijana huniambia kwa fahari, mwalimu, nimezungusha mara 90 na imerudi kwenye sifuri. Itaachaje kurudi? Giya ina meno 90; hata yangekuwa yamekatwa na panya, mizunguko 90 ingerudi palepale. Kipimo chenye maana ni mizunguko 45. Funga kipande cha chuma chenye pande mbili sambamba katikati ya meza, pitisha daili geji, ile saa ya kupimia, upande mmoja kwa urefu wa mm 100 mpaka isome sifuri mwanzo na mwisho, zungusha mara 45, kisha pitisha upande wa pili. Ikisoma tofauti ya mm 0.05, giya yako imekosea kama nyuzi 0.03, na hiyo kwa kibanda cha nyumbani ni sherehe. Anzia jino jingine, rudia mara nne au tano. Kisha jaribu mizunguko 22 na nusu ukitumia skweya, hiyo inapima robo duara.

Giya ya juisi ya miwa sasa. Nyuzi 360 kwa 17 ni 21.176 na mkia mrefu. Usifanye kosa la kukadiria 21.2 halafu ukaendelea kujumlisha. Ukifika jino la mwisho umezidisha nyuzi 0.38, na kwenye nusu kipenyo cha mm 40 hiyo ni robo milimita, jino moja litakonda. Tengeneza orodha ya nyuzi 17 zote kutoka sifuri kwanza, kila moja ikadirie peke yake: 21.20, 42.35, 63.55, 84.70, na kuendelea. Hapo kosa halikusanyiki. Ukipata kazi nyingi za namna hiyo, tengeneza sahani ya matundu 17 nyuma ya mkono wa womu: kila jino ni mizunguko mitano na matundu matano. Sahani hiyo hata ikitoka ovyo kidogo, kosa lake linagawanywa kwa 90 kabla ya kufika kwenye kazi.

Giya hizo ni za meno makubwa na mara nyingi za chuma kigumu kuliko kinavyoonekana. Kata kila uwazi kwa awamu tatu au nne, funga kufuli zote mbili kabla ya kila pitio, na uzungushe womu kwa upande mmoja tu mwanzo hadi mwisho. Ukipitiliza, rudi nyuma mzunguko mzima ndipo uje tena.

Kila ukimaliza kazi ifute, ipake oili, uifunike. Unyevu wa ziwa hauombi hodi, na uso uliopaparuliwa kwa siku mbili unashika kutu usiku mmoja.

Kabla hujakata giya ya mteja yeyote, niandikie namba mbili: daili geji ilisoma nini kwenye mizunguko 45, na meza inapanda na kushuka kiasi gani ukibonyeza ukingo wake kwa kidole gumba. Ya pili ndiyo nitakayoisoma kwanza.